Asili ya Neno "Toady" na Maana Yake kwa Wasemao Kiurdu

Mwalimu wa Lahore akitaka kuwaeleza wanafunzi wake neno la Kiingereza toady, jibu limjialo kwanza ni khushamadi. Wala hakosei, kwa kuwa maneno yote mawili humtaja mtu ajipendekezaye kwa wakubwa. Lakini asili zake ni mbalimbali, na asiyezijua hukosa nusu ya maana.

Khushamad ni neno la Kiajemi: khush ni "vizuri", na amad ni "alikuja". Ni ndugu wa salamu ya kumkaribisha mgeni, khush amadid. Basi neno hili latazama utamu wa maneno na sikio liupokealo. Sayyid Ahmad Khan, aliyeanzisha jarida lake Tahzib-ul-Akhlaq mwaka 1870, aliandika insha juu ya khushamad, naye alionya hasa kwamba kupenda kusifiwa ni maradhi ya moyo. Kwake mgonjwa ni yule asifiwaye.

Toady lina habari nyingine. Katika Uingereza ya karne ya 17 walikuwako walaghai waliouza dawa masokoni, kila mmoja na kijana wake. Mbele ya watu kijana alikula chura, au alijifanya kumla. Watu walimwogopa chura wa nchi kavu kwa sumu yake, na kweli ngozi yake ina sumu. Kisha bwana alimnywesha kijana dawa, kijana akaonekana kupona, na dawa ikanunuliwa. Kijana huyo aliitwa toad-eater, yaani mla-chura.

Katika karne ya 18 jina hili liliwaangukia maskini waliokaa katika nyumba za matajiri. Sarah Fielding, katika kitabu chake David Simple cha mwaka 1744, alilieleza hivi: mtu aishiye kwa kumtegemea mwingine hana budi kufanya hata mambo ya kuchukiza ili ampendeze bwana wake. Twaona hapo huruma kwa mnyonge. Karne ya 19 neno likakatwa, likawa toady, na ile huruma ikapotea pamoja na silabi zake; ikabaki dharau tupu.

Dharau hiyo ndiyo iliyofika Bara Hindi. Kati ya miaka ya 1920 na 1940, katika maandamano ya Punjab, watu walipiga kelele: "Toady bachcha, hai hai!" Bachcha ni mtoto, na hai hai ni sauti ya kuaibisha. Waliolengwa ni wenyeji waliotafuta upendeleo wa serikali ya Kiingereza na vyeo kama Khan Bahadur. Neno la Waingereza likageuzwa fimbo ya kuwapigia marafiki zao. Khushamadi halikutosha, kwa maana shitaka halikuwa la maneno matamu tu, bali la kuutumikia utawala wa wageni.

Nasi Waswahili husema mtu amevikwa kilemba cha ukoka. Msemo wetu, kama insha ile ya Kiurdu, humwonya mwenye kusifiwa. Haumtazami yule asukaye majani. Kwa hiyo mwalimu afasiriye toady asitosheke kusema "msifu wa uongo". Na aeleze pia habari za kijana yule wa sokoni, ili wanafunzi, kabla ya kumcheka mla-chura, waulize ni nani aliyemwandalia chakula hicho, na ni nani aliyepata faida.