Mwadi Mabika, binti wa Kinshasa aliyechukua kombe mara mbili Marekani

Wakati Wakongomani wanazungumzia mpira wa kikapu, jina la kwanza kutajwa ni Dikembe Mutombo. La Mwadi Mabika halisikiki sana. Lakini binti huyu, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 27 Julai 1976, alipata ubingwa wa Marekani mara mbili, kitu ambacho Mutombo mwenyewe hakukipata.

Historia yake inaanzia kwenye timu ya taifa ya wanawake. Wakati inchi iliitwa Zaïre, timu hiyo iliogopwa katika bara zima: ilishinda ubingwa wa Afrika mwaka wa 1983, 1986 na 1994. Mwaka wa 1996 ikaenda Atlanta, na kuwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kucheza mpira wa kikapu kwenye Olimpiki. Mwadi alitimiza miaka 20 michezo hiyo ikiendelea.

Kule Atlanta mambo yalikuwa magumu. Marekani iliwapiga 107 kwa 47. Zaïre haikushinda hata mechi moja, ikamaliza ya mwisho kati ya timu 12. Wengi waliona ni aibu. Kwa Mwadi, ulikuwa mlango. Alibaki Marekani.

Tarehe 17 Mei 1997 waasi wa AFDL waliingia Kinshasa, na Zaïre ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Juni, ligi mpya ya wanawake, WNBA, ilianza. Mwadi akawa mchezaji wa Los Angeles Sparks, wakati jina la inchi aliyoivalia jezi Atlanta lilikuwa limekwisha kufutwa.

Miaka minne ya kwanza, kombe lilikuwa la Houston Comets peke yao. Mwaka wa 2001 Sparks waliwatoa Comets, kisha wakaipiga Charlotte Sting kwenye fainali. Mwaka wa 2002 wakarudia, safari hii mbele ya New York Liberty. Nyota wa timu alikuwa Lisa Leslie, lakini Mwadi hakuwa wa kujaza benchi. Mwaka huo alifunga karibu pointi 17 kwa kila mechi, na alichaguliwa kwa mechi ya nyota wa ligi, kama ilivyokuwa mwaka wa 2000. Mitupo yake ya mbali ya pointi tatu iliwasumbua sana wapinzani.

Alivaa jezi ya Sparks misimu 11, toka 1997 hadi 2007. Mwaka wa 2008 alichezea Houston, wale wale aliosaidia kuwapokonya kombe.

Huku nyumbani, historia ilisimama. Toka 1994 timu ya wanawake haijashinda tena ubingwa wa Afrika, na toka Atlanta haijarudi kwenye Olimpiki. Si kwamba wasichana wenye kipaji wamekosa. Mwadi alionekana na dunia kwa sababu kulikuwa timu ya taifa iliyomfikisha pale, hata kama ilipigwa kila siku. Pasipo timu inayotayarishwa na kusafirishwa, Mwadi mwingine anaweza kuwa anadunda mpira leo Goma, Lubumbashi ao Kisangani, na asijulikane nje ya kartie yake.