Rangi ya Baraza na Watoto wa Brisbane

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, matabibu wa mji wa Brisbane, huko Queensland nchini Australia, walikuwa wakiletewa watoto wadogo wenye maradhi ya kutisha: matumbo yakiwasokota, nyuso zimesawijika, wengine viganja na nyayo zimelegea hata wasiweze kushika kitu wala kusimama, na baadhi yao nuru ya macho ikififia. Kufikia mwaka 1892, tabibu A. Jefferis Turner na wenziwe walikwisha kutambua kwamba watoto hao wamedhuriwa na madini ya risasi. Lakini sumu ile iliwafikia kwa njia gani, hilo halikujulikana.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni John Lockhart Gibson, tabibu wa macho, ambaye mwaka 1904 aliandika kwamba adui hakutoka mbali, bali amepakwa katika mbao za nyumba yenyewe. Nyumba za mji ule, aghalabu za mbao na zenye mabaraza mapana, zilipakwa rangi yenye risasi nyeupe, iliyopendwa kwa sababu hufunika vizuri na kudumu. Lakini jua kali liliichoma rangi hiyo hata ikawa unga, na mtoto aliyeshika kizuizi cha baraza kwa mkono wenye jasho, kisha akanyonya kidole au akatafuna kucha, alilamba sumu mbele ya macho ya wazazi wake wasiojua lolote.

Wengi hawakumsadiki upesi. Ilipita miaka 18 hata Queensland, mnamo 1922, ikatunga sheria ya kuzuia rangi hiyo mahali watoto wanapoweza kuigusa. Na Marekani, taifa lenye wataalamu na mali tele, haikuipiga marufuku katika nyumba za watu mpaka mwaka 1978. Mwaka uliofuata, Herbert Needleman na wenzake walitangaza matokeo ya kuyapima meno ya utoto yaliyong'oka ya wanafunzi wa huko, ambao hakuna aliyewadhania kuwa wagonjwa, wakaona kwamba wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi zaidi walipungukiwa katika vipimo vya akili na walikuwa wazito wa kusikiliza darasani. Ikadhihirika kwamba risasi humnyang'anya mtoto fahamu zake kabla ya kumlaza kitandani.

Leo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na Kenya, miongoni mwa nchi nyingine, imeweka mpaka wa sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi. Sheria hiyo ni neema, lakini haibandui rangi ya zamani iliyokwisha kupakwa ukutani, dirishani na kitandani mwa mtoto.

Kwa hiyo, ewe mzazi, muulize muuza rangi kama bidhaa yake haina risasi. Usikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu, wala watoto wasiwepo inapokwanguliwa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, na uwanawishe watoto mikono kabla ya kula. Nasi sote tuwahimize wenye mamlaka wazipime rangi madukani, kwa maana elimu ya jambo hili imekuwapo tangu 1904, na hatuna udhuru wa kuchelewa tena.