Stati Zilisema Hatutoboi

Tarehe 10 Agosti 2025, CHAN, Harambee Stars na Morocco pale Kasarani. Ryan Ogam ametufungia dakika ya 42, halafu kabla ya mapumziko Chrispin Erambo anakula nyekundu. Tumebaki kumi. Mimi niko hapa Voi kwa kibanda cha mpira, na binamu yangu amekodolea simu macho. "Bro, cheki hizi stati. Hatutoboi." Akaweka pesa ya boda ya wiki nzima kwa Morocco. Mechi ikaisha 1-0. Kibanda kizima kinaruka, yeye amekaa tu (na huyu ndiye hujiita mzalendo).

Wadau, huku kuamini hesabu kuliko macho hakukuanza na simu. Machi 1950, huko Swindon, Uingereza, mhasibu wa jeshi la anga aitwaye Charles Reep alitoa penseli katikati ya mechi, akaanza kuandika kila shambulizi. Akaendelea hivyo miaka na miaka. Akaona karibu 80% ya magoli yanatokana na pasi tatu au chini. Basi akahubiri: piga mpira mrefu mbele, achaneni na kupasiana. Na kuna makocha Waingereza waliomsikiliza kabisa.

Hesabu ilikuwa sawa. Swali ndilo lilikuwa bovu. Kwenye daftari zake hizo hizo, zaidi ya 90% ya mashambulizi yote yaliishia pasi tatu au chini. Sasa kama 90% ya majaribio inaleta 80% ya magoli, si zile pasi nyingi ndizo zilikuwa na faida zaidi? Ni kama ukae kando ya barabara kuu hapa Voi, uhesabu pancha, useme malori yana tairi mbovu. Kumbe malori ndiyo mengi!

Binamu aliingia shimo lile lile. Morocco wako kumi na mmoja, sisi kumi na tunalinda goli. Lazima mpira uwe wao. Hiyo asilimia ilimwambia tumekaa nyuma, haikumwambia kama tutafungwa.

Tena angalia fainali ya Gor Mahia ya 1987 dhidi ya Espérance: 2-2 Tunis, 1-1 Nairobi. Kwa karatasi ni sare mbili tu. Lakini magoli ya ugenini yalileta Kombe la Washindi Afrika, na hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kuchukua taji la bara.

Kinachoniuma mimi ni cha hapa nyumbani. Kuna beki namjua, anacheza uwanja wa Moi hapa Voi. Hapigi takolo nyingi kwa sababu anafika mapema, straika anageuka mwenyewe na kurudisha nyuma. Uandike nini hapo? Hata skoa za mechi zake ziko kwa vichwa vya watu tu. Skauti akimtafuta kwa kompyuta, kijana hayupo.

Binamu naye bado ameweka ile skrinshoti. Anasema stati zilikuwa sawa, ni mechi ndiyo iliharibika.