Shahada iliyoanzia mabwenini: chimbuko la masomo ya uongozi wa vyuo vikuu

Nchini Marekani, kijana anayetaka kuwa msajili, mkuu wa udahili au mshauri wa wanafunzi katika chuo kikuu kwa kawaida hutafuta kwanza shahada ya uzamili ya utawala na uongozi wa elimu ya juu. Darasani husoma bajeti, sheria za elimu, historia ya vyuo na saikolojia ya vijana. Ukiitazama orodha hiyo ya masomo, unaweza kudhani shahada hii ilibuniwa na marais wa vyuo na mabwana fedha wao. Msingi wake mkubwa uliwekwa na wanawake waliokabidhiwa ulezi wa wasichana.

Mwaka 1893, G. Stanley Hall, rais wa Chuo Kikuu cha Clark huko Worcester, Massachusetts, alianza kufundisha somo kuhusu elimu ya juu yenyewe. Wanahistoria wengi huhesabu hapo kuwa mwanzo wa taaluma hii. Hata hivyo, mhadhara wa rais ni kitu kimoja, na kumwandaa mtu kwa kazi ya kila siku chuoni ni kitu kingine. Katika vyuo vya wanaume, kazi hiyo ilipewa mwalimu aliyependwa. Harvard ilimtoa LeBaron Russell Briggs katika kufundisha Kiingereza ikamfanya mlezi wa wanafunzi mwaka 1891, naye akaifanya vizuri kwa busara yake mwenyewe.

Wanawake hawakuweza kutegemea busara peke yake. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango Oktoba 1892, Marion Talbot, msomi wa sayansi ya usafi na afya ya makazi, alifika pamoja na Alice Freeman Palmer kuwasimamia wanafunzi wa kike. Mabweni yalikuwa hayajakamilika. Wasichana walianza masomo wakiwa wamepangishiwa hoteli iliyoitwa Beatrice, na mlezi wao akalazimika kushughulikia vyumba na chakula huku akitetea haki yao ya kuwapo chuoni. Wakati ule wapo waliodai kwamba kusoma sana kungeharibu afya ya mwanamke, kwa hiyo binti mmoja akiugua, wapinzani walipata hoja.

Walezi wa namna hiyo waliongezeka katika vyuo vingine, kila mmoja peke yake kwenye chuo chake. Mwaka 1903 Talbot aliwaita wenzake wa vyuo vya kanda ya kati wakutane Chicago, wajadiliane kuhusu makazi ya wanafunzi na namna wasichana wanavyoweza kujitawala wenyewe mabwenini. Mwaka 1915 Lois Mathews, mlezi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha kitabu cha kwanza kuhusu kazi hiyo, The Dean of Women. Kazi iliyokuwa ya kubahatisha ikaanza kuwa na maandishi.

Hatua kubwa ilipigwa Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walezi waliokwenda huko kuongeza elimu walitaka wafundishwe kazi yao, na Profesa Romiett Stevens akawa mwalimu wao. Kufikia mwaka 1916 chuo hicho kilikuwa kikiwaandaa kwa ngazi ya uzamili. Walisoma saikolojia ya elimu, sosiolojia, historia ya familia na afya ya vijana, wakachambua matatizo ya ushauri na kufanya mazoezi kwa vitendo. Mwaka huohuo, wakiongozwa na Kathryn Sisson McLean kutoka Nebraska, waliunda chama cha kitaifa cha walezi wa wanawake. Mwaka 1929 Teachers College ikamtunuku Esther Lloyd-Jones shahada ya uzamivu katika taaluma hiyo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalibadilika. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia ada askari waliorudi, na zaidi ya milioni 2 kati yao wakaingia vyuoni. Utawala ukapanuka, nafasi ya mlezi wa wanawake ikawekwa chini ya mkuu mmoja wa wanafunzi, na mara nyingi mkuu huyo alikuwa mwanamume. Katika Chuo Kikuu cha Indiana, Kate Hevner Mueller, aliyekuwa mlezi tangu 1938, alishushwa cheo kwa mtindo huo. Alihamia kufundisha, akawaandaa wanafunzi wa uzamili kwa kazi ileile aliyonyang'anywa, na mwaka 1961 akatoa kitabu kikubwa cha taaluma hiyo.

Miaka ya 1950 ilileta pia fedha za Taasisi ya Carnegie. Michigan ikaanzisha kituo chake cha utafiti wa elimu ya juu mwaka 1957 chini ya Algo Henderson. Mafunzo ya mipango, fedha na uongozi yakakaa pamoja na malezi ya wanafunzi, na shahada ikapata sura tunayoijua leo.

Afrika Mashariki si mgeni katika simulizi hii. Mwaka 1961 Teachers College hiyohiyo ilianza kuleta walimu wa sekondari Kenya, Uganda na Tanganyika. Leo Makerere ina skuli ya masomo ya elimu ya juu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa uzamili katika usimamizi na utawala wa elimu. Mahitaji ni makubwa. Hadi Sokoine ilipoanzishwa mwaka 1984, Tanzania ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Sasa vipo kwa makumi. Bado ni jambo la kawaida kwetu profesa bingwa wa kemia kukabidhiwa maelfu ya wanafunzi na mabilioni ya shilingi, ajifunzie humohumo ofisini.

Tunahitaji shahada hizi, na tunazihitaji zikiwa na roho ya waanzilishi wake. Anayejua kusoma mizania lakini hajui mwanafunzi aliyecheleweshewa mkopo analala wapi na anakula nini hajahitimu kuongoza chuo. Stevens aliwatoa wanafunzi wake darasani wakajifunze kwa vitendo. Vyuo vyetu vinaweza kuanzia hapo: kila anayesomea uongozi wa elimu ya juu afanye muhula mmoja katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi kabla ya kukabidhiwa kiti cha ukuu.