Sauti ya Mwanga, Kutoka Mtaa wa L

Tarehe 3 Juni 1880, Charles Sumner Tainter alipanda juu ya shule ya Franklin mjini Washington, akazungumza nyuma ya kioo chembamba kilichoelekeza mwale wa jua upande wa pili. Mita 213 kutoka hapo, kwenye maabara ya Mtaa wa L, mwenzake Alexander Graham Bell akamsikia. Hapakuwa na waya.

Wengi huishia kwenye chombo hicho, fotofoni. Mimi navutwa na jambo walilolikuta pembeni ya njia. Mwanga ukikatwakatwa na sahani yenye matundu inayozunguka kasi, kisha ukaangukia kibamba cha mpira mgumu, kibamba chenyewe hutoa sauti. Kitu kikinywa mwanga hupata joto, joto hukitanua, na mtanuko huo ukijirudia upesi huwa wimbi. Bell alilieleza jambo hilo Boston, Agosti 1880. Baadaye waligundua kuwa masizi hulia kwa nguvu kuliko vitu vingi: kinachonywa mwanga zaidi ndicho kinachosikika zaidi.

Mwilini, mnywaji huyo ni damu.

Lakini ili sauti hiyo itumike kuona ndani ya mwili, ilibidi leza ije kwanza, mwaka 1960. Mwaka 2003 mtafiti Lihong Wang na wenzake walionyesha mishipa ya damu kwenye ubongo wa panya aliye hai, ngozi na fuvu vikiwa havijapasuliwa. Mwanga hutawanyika baada ya kupenya milimita moja hivi ya nyama, lakini sauti inayozaliwa humo hutoka bila kuvurugika sana, na vihisio vya ultrasaundi huipokea.

Tatizo likabaki bei. Leza zilizozoeleka katika kazi hii ni ghali na nzito, na nyingi hutoa mimweko 10 au 20 tu kwa sekunde. Ndiyo maana watafiti wamegeukia diodi za leza, vitu vidogo vya bei nafuu. Mmweko wa diodi ni dhaifu, ila diodi huweza kumweka mara maelfu kwa sekunde. Kompyuta ikichukua wastani wa mimweko 100, ishara hujitokeza mara 10 zaidi juu ya kelele. Diodi inayomweka mara 4,000 kwa sekunde itabakiza picha 40 kila sekunde.

Haitafika kina cha leza kubwa. Lakini kwa mtafiti anayefuatilia mishipa iliyo karibu na ngozi ya panya yuleyule, wiki baada ya wiki, bila kumchinja, inatosha.