Tuskegee: Kura na Riziki katika Mji wa Alabama

Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu wakazi 9,395 tu Tuskegee, makao makuu ya Kaunti ya Macon katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Hata hivyo, historia ya mji huu inaonyesha wazi zaidi kuliko ya miji mingi mikubwa jinsi kura na riziki zinavyofungamana.

Eneo hilo lilikuwa la Wamuscogee, ambao Wazungu waliwaita Creek. Mkataba wa mwaka 1832 uliwapokonya ardhi yao ya pamoja, na mwaka huohuo kaunti ikaundwa. Miaka minne baadaye wakahamishwa kwa nguvu kwenda magharibi. Walowezi walikuja na watumwa, wakapanda pamba. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, sehemu kubwa ya ardhi ilibaki mikononi mwa mabwana walewale. Walioachwa huru wakalima kwa kugawana mavuno, wakikopa mbegu na unga, na jasho la mwaka mzima likiishia kulipa deni.

Mabadiliko yaliletwa na kura. Mwaka 1880 mgombea Mzungu wa useneti wa jimbo alimwendea Lewis Adams, fundi bati aliyewahi kuwa mtumwa, akitaka kuungwa mkono na Weusi. Adams alidai shule. Bunge la jimbo likatenga dola 2,000 kwa mwaka kwa mishahara ya walimu, na tarehe 4 Julai 1881 mwalimu Booker T. Washington akaanza kufundisha. Shule ilinunua shamba kuukuu la pamba. Wanafunzi wakafyatua matofali, wakajenga madarasa yao na kuwauzia matofali hata majirani Wazungu. Mtaalamu wa kilimo George Washington Carver, aliyefika mwaka 1896, aliwahimiza wakulima wapande karanga na kunde ili kurutubisha udongo uliochoshwa na pamba.

Kisha ikaja mishahara ya serikali kuu. Mwaka 1923 ilifunguliwa hospitali ya askari Weusi waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Wazungu wa mji walitaka nafasi za madaktari na wauguzi ziwe zao, na kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan likaandamana kuwatisha Weusi. Hawakufaulu. Kuanzia mwaka 1941, marubani Weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani wakafunzwa Tuskegee. Lakini ufukara wa vijijini ulikuwa palepale, nao ulitumiwa vibaya: kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma iliwafuatilia wanaume 399 wenye kaswende bila kuwatibu, ikiwavuta kwa chakula, vipimo vya bure na ahadi ya gharama za mazishi.

Wasomi wa shule ya Washington, ambayo sasa ilikuwa chuo, na wafanyakazi wa hospitali walipoanza kujiandikisha kwa wingi kupiga kura, mwaka 1957 wabunge wa Alabama walichora upya mipaka ya mji, ikawa umbo la pande 28. Wapiga kura Weusi wapatao 400 wakajikuta nje ya mji. Walibaki wanne au watano. Charles Gomillion, mwalimu wa chuo, aliongoza mgomo: Weusi wakaacha kununua katika maduka ya Wazungu, na baadhi yakafungwa. Mwaka 1960 Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa haki. Mwaka 1966 Lucius Amerson, mtu Mweusi, alichaguliwa mkuu wa polisi wa kaunti, na mwaka 1972 Johnny Ford, Mweusi pia, akawa meya.

Ushindi huo ulikuja na hasara. Wazungu wengi walihama na mitaji yao. Barabara kuu ya I-85 ilipita kaskazini, nje ya mji, na wanunuzi wakazoea kwenda miji jirani ya Auburn na Montgomery. Uwanja wa mbio za mbwa uliojengwa miaka ya 1980 ulileta ajira na kodi, ila baadaye ukakwama katika kesi za kamari ya mashine. Wakazi, waliozidi 13,000 mwaka 1980, wakaendelea kupungua.

Chuo kiko hai, miaka mingi baada ya pamba kupoteza ufalme wake. Hata hivyo mshahara unaolipwa Tuskegee na kutumiwa Auburn haujengi Tuskegee. Wanaoishi katika miji midogo yenye chuo au hospitali ya serikali, popote walipo, wajifunze hapa: mamlaka ya kisiasa hupatikana kwa kura, lakini hudumu pale wenyeji wanapomiliki pia maduka, viwanda na ardhi.