Jungu la Shangazi

Kila Shaabani inapokaribia kwisha, nyumbani kwetu Mikocheni hushushwa jungu la udongo lililomeguka mdomo. Ni la shangazi. Siku hizo sisi watu wa pwani huziita vunja jungu: ndugu hukusanyika, hula na kunywa kabla ya mwezi kuandama. Shangazi alikuwa akitupikia wali wa nazi, ukoko akitugawia watoto, kisha anavuka kwenda Unguja kuanza mfungo na bibi.

Jumatano, Julai 18, 2012, alipanda MV Skagit bandarini Dar es Salaam. Meli hiyo ilijengwa Marekani mwaka 1989 na kuvusha abiria kwa miaka mingi katika jimbo la Washington kabla ya kuletwa kwetu. Mchana ule bahari ilichafuka, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu MV Spice Islander I izame karibu na Nungwi, Septemba 10, 2011, siku chache baada ya Idi.

Shangazi hakupatikana. Tulisoma hitima bila kaburi, Ramadhani ikatukuta katika msiba, na arobaini yake ikaangukia baada ya Idi.

Historia imeandika Julai 18, na tarehe hiyo haihami. Vunja jungu inahama. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo kila mwaka huja mapema zaidi. Mwaka 2026 imekuja Februari. Julai tunaikumbuka ajali. Shaabani tunamkumbuka yeye, na hiyo ndiyo inayouma zaidi. Kwa hesabu yangu, siku hizo mbili zitakaribiana tena mwaka 2044.

Baba alitaka jungu lile livunjwe kweli. Mama akalificha. Miaka miwili hatukupika. Wa tatu, bibi alivuka mwenyewe, mara ya kwanza tangu ajali, akaketi jikoni na kuuliza, "Jungu la mwanangu liko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mama akaenda kulileta. Bibi akakuna nazi, akapika, akakwangua ukoko na kuwapa watoto ambao shangazi hakuwahi kuwaona. Baba alikula kimya. Alipomaliza, aliliosha jungu kwa mikono yake, akalirudisha juu ya kabati.